Kila Nikikana, Inazidi Kuwa Dhahabu

Ukirudi Arua, Uganda, kutoka Ulaya hakuna anayekuuliza unafanya kazi gani, wanaangalia begi. Langu lilifunguliwa na Mjomba kabla sijavua viatu, eti anatafuta soksi alizoniagiza. Chini ya mashati akakuta sahani ya chuma, nzito, inang'aa njano mpaka ikammulika usoni.

"Bismillahi," akasema, akafunga mlango.

Mimi ni mwanasayansi wa mitambo ya kompyuta za kwanta, zile zinazopiga hesabu kwa kanuni za vitu vidogo kama atomu, huko Uholanzi. Wenzangu wanaandika programu. Mimi nashughulika na dubwasha lenyewe: nyaya, pampu, skurubu, na jokofu la kupozea chipu. Jokofu hilo linashuka hadi milikelvini 10 hivi, yaani sehemu moja ya mia ya digrii juu ya sifuri halisi, baridi ambayo haiwezi kuzidi. Kule mbali kati ya nyota ni kelvini 2.7, kwa hiyo ukitaka kujisifu, na mimi nataka, kazini kwetu ni baridi kuliko angani. Likivuliwa maganda yake linaonekana kama taa za kuning'inia za hoteli kubwa, masahani ya dhahabu ghorofa juu ya ghorofa.

Lakini dhahabu ni ya juu juu. Ndani ni shaba, kwa sababu shaba hupitisha joto vizuri hata katika baridi ile. Shida yake ikipigwa na hewa hushika kutu, na kutu ikikaa kati ya vipande viwili vilivyobanwa pamoja, joto halipiti sawasawa. Basi hupakwa dhahabu, maikromita chache tu. Sahani yangu ilikuwa imestaafu, matundu yake yamelika hesi, nikapewa nikawaonyeshe wanafunzi wa shule niliyosoma.

"Mjomba, hiyo ni shaba."

"Eeh, shaba," akanikonyeza. "Hata mimi ningesema hivyo."

Arua si mahali pa kutajataja dhahabu ovyo. Kongo iko pale pale, na kila mtaa una mtu anayemjua mtu wa Ariwara, mji wa ng'ambo ya mpaka. Kufika magharibi sebule imejaa. Shangazi ambaye hajanipigia simu tangu nimalize sekondari alikuja na samaki aina ya angara wa kukaanga, akanichagulia kipande cha tumbo kwa mkono wake mwenyewe. Kila nilipokana, walitazamana na kutikisa vichwa kwa heshima: kijana ana siri, amelelewa vizuri.

Nikajaribu sayansi. Nikaomba jagi la maji na mizani ya duka la jirani. Nikawaeleza kwamba sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya shaba haifiki hata 9, na hii sahani ina kilo moja tu. Ingekuwa dhahabu yote ingepita kilo mbili.

"Kilo moja," Mjomba akarudia polepole. Katika maelezo yote alichukua hiyo tu. Kijana mmoja akatoa simu akatafuta bei: kilo ya dhahabu, zaidi ya dola laki moja. Shangazi akaniongezea samaki.

Nikabadilisha njia. Nikawaambia thamani ya kazi hii ni elimu, ndiyo maana mwaka 2025 tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa Clarke, Devoret na Martinis, kwa majaribio waliyofanya California miaka ya 1984 na 1985, wakaonyesha kwamba hata sakiti ya umeme unayoweza kuishika mkononi hufuata kanuni za kwanta.

"Na hao walipewa nini?" Bibi akauliza.

"Medali, Bibi."

"Ya nini?"

Nikanyamaza. Yule kijana wa simu akamjibu.

Asubuhi niliamka sahani haipo. Mjomba alikuwa ameipeleka kwa sonara mjini, na sonara akafanya kama alivyofundishwa: akaisugua kwenye jiwe jeusi, akadondosha tindikali, mstari ukabaki njano vilevile. Simlaumu, jiwe linasoma ngozi tu. Mjomba akarudi kwa boda boda na mbuzi mapajani, wa mkopo, baada ya kupitia dukani kukopa mabati ya nyumba nzima. Mbuzi alichinjwa mimi nikiwa bado nasema "shaba". Imamu alialikwa. Mtu nisiyemjua akaniombea dua nisisahau nilikotoka.

Tulipomaliza kula, sonara akaja mwenyewe kukata kipande cha kuyeyusha. Akatoa tupa mfukoni, akaiegemeza pembeni mwa sahani, akavuta mara moja. Krrr. Unga uliodondoka kwenye mkeka ulikuwa mwekundu. Akavuta tena, kwa nguvu. Mwekundu. Akapuliza, akasogeza jicho mpaka pua ikagusa, kisha akairudisha tupa mfukoni na kuniangalia mimi, si Mjomba.

Nilidhani sasa watanikasirikia. Wapi! Bibi alijifuta machozi kwa ncha ya leso. "Mjukuu wangu," akasema, "miaka yote ile ya vitabu, Wazungu wamekulipa rangi!" Shangazi akaniambia nisivunjike moyo, kuna mpwa wa mume wake aliwahi kulipwa hundi feki akapona. Mjomba akaanza kupitisha kofia nichangiwe nauli ya kurudi kuwashtaki. Mwenye mabati alipotokea getini, Mjomba akanyoosha kidole: "Zungumzeni na daktari, amedhulumiwa."

Nikaenda kuoga, angalau nipumue. Nina povu kichwani nikasikia kengele ya mnunuzi wa skrepa, mizani yake inagonga baiskeli, na sauti ya Bibi uani:

"Shaba kilo bei gani? Ongeza! Hii imetoka Ulaya, na imeshapakwa rangi!"

Nilitoka na taulo.