Ungo wenye matundu, mwalimu?

Wiki iliyopita nilikuta ungo wa satelaiti, ule wa kizamani wa wavu, upana wa mita 3, unakatwa kwa msumeno nje ya uzio wa shule moja ya sekondari. Shule siitaji, wenyewe wanajijua. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa na mizani yake, mhasibu na kitabu chake cha risiti. Nikauliza kulikoni. Mwalimu mmoja akanijibu kwa upole, kama anamweleza mtoto: "Kaka, huu una matundu, siku hizi haushiki kitu."

Mwalimu wa fizikia, jamani. Ungo ule ungeweza kuwa darubini ya redio, ya kunasa mawimbi yanayotoka angani.

Kwenye banda, mbu anapita katikati ya wavu, kuku hapiti. Wimbi la redio ndiyo huyo kuku. Gesi ya haidrojeni iliyotapakaa kwenye Njia ya Maziwa, galaksi yetu, inatoa wimbi la sentimita 21, masafa ya megahezi 1,420. Tundu likiwa dogo kuliko sehemu moja ya kumi ya urefu huo, wimbi linauona wavu kama bati zima na linarudi kwenye kitovu kama kawaida. Ule ungo ulisukwa kwa ajili ya mawimbi ya satelaiti ya sentimita 7 na kitu, kwa hiyo kwa kazi hii wavu wake ulikuwa mzuri kupita mahitaji. Tena matundu ni faida: upepo unapita, nguzo haisumbuliwi.

Wahindi walilielewa hili mapema. Govind Swarup, mtaalamu wao wa darubini za redio, alipewa na Waaustralia nyungo 32 za futi 6 walizokuwa wameacha kuzitumia, akazisafirisha hadi Kalyan, na mwaka 1965 zikawa darubini ya redio ya kuchunguza jua. Baadaye akawaongoza wenzake kujenga darubini kubwa ya redio iitwayo GMRT karibu na Pune: nyungo 30, kila mmoja mita 45, uso wake ni wavu wa waya uliovutwa kwa kamba za chuma, matundu ya milimita 10 hadi 20. Wangezijenga kwa bati zima, uzito na upepo vingewamaliza pesa kabla ya ungo wa tano. Mtu huyohuyo aliwahi kupendekeza darubini ndefu ya kilomita 2 kwenye ikweta, na Kenya ilikuwa miongoni mwa mahali palipofikiriwa. Haikujengwa. Hilo nalo lina makala yake, leo nina hasira na msumeno.

Najua mtaniambia ungo peke yake si darubini. Kweli, nusu kweli. Kipokezi ndicho chenye kazi ngumu, maana kinachotoka angani ni hafifu mno na joto la vifaa vyenyewe linapiga kelele kukizidi. Wakubwa hupoza vikuza mawimbi vyao kwa heliamu hadi karibu nyuzi 250 chini ya sifuri. Sisi hatuna heliamu. Lakini wanafizikia Ewen na Purcell, walioinasa haidrojeni hiyo kwa mara ya kwanza pale Harvard mwaka 1951, hawakuwa hata na ungo. Walikuwa na antena yenye umbo la pembe, ya plywood iliyofunikwa shaba, imechomozwa dirishani, na wanafunzi wakiirushia mabonge ya theluji.

Leo mwanafunzi anahitaji kopo la rangi la lita 4, kijiti cha shaba cha sentimita 5 ndani yake, kikuza mawimbi kidogo, na kile kidude cha USB cha kupokea televisheni kwenye kompyuta. Aliweke kopo kwenye kitovu cha ungo, auelekeze kwenye Njia ya Maziwa, asubiri, na kwenye grafu kitaota kilima. Kilima kikisogea kushoto au kulia, ni gesi inatujia au inatukimbia. Mtoto wa kidato cha tatu anapima mwendo wa galaksi kwa kopo la rangi! Badala yake anachora darubini daftarini, kwa rula, anapewa alama 6 kati ya 10.

Haya, nakubali: ungo wa mita 3 una macho mabovu. Unaona kipande cha mbingu kipana kama miezi 8 iliyopangwa mstari, na picha nzuri hupati. Na kelele za mjini zitakusumbua. Ila msilaumu mji tu. Kule kwenye darubini ya redio ya Parkes, Australia, wataalamu walihangaika miaka na ishara za ajabu, mwaka 2015 wakagundua ni tanuri la maikrowevu la jikoni kwao, mtu akifungua mlango kabla halijamaliza.

Nilimfuata yule mnunuzi kesho yake. Mbavu zote zilishakatwa, wavu umekunjwa kama mkeka. Kilichosalia ni kile kipokezi cha katikati, nikakinunua kwa bei ya soda mbili.

Mwenye ungo wa zamani juu ya paa, kabla hujaita mizani, nitafute. Ngazi ninayo, na gari la kubebea nitalipa mimi.