Programu za Dini Mbalimbali na Ahadi Mbili Zinazochanganywa

Wanaoandaa programu za kuwakutanisha waumini wa dini tofauti, iwe ni ligi ya mpira, mafunzo ya kazi au mazungumzo ya viongozi, hutarajia mambo mawili ambayo mara nyingi hawayatenganishi. La kwanza ni kwamba walioshiriki watatendeana vyema kuliko awali; la pili ni kwamba chuki itawatoka moyoni, na badiliko hilo litaenea hadi kwa wasioshiriki. Ushahidi uliopo unaliunga mkono tarajio la kwanza kwa kiasi cha kuridhisha, na la pili kwa kiasi kidogo mno. Kwa maoni yangu, mjadala huu unakwama kwa sababu watetezi wanazipigia debe programu hizi kwa ahadi ya pili, na wapinzani wanazibeza kwa kuwa ahadi hiyo haikutimia.

Watetezi wana hoja ya siku nyingi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza kwamba kukutana kwa makundi hupunguza chuki pale washiriki wanapokuwa na hadhi sawa, wanapofuatilia lengo moja kwa kushirikiana, na mamlaka zinapounga mkono. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walichambua tafiti zaidi ya 500 na kuona kwamba kwa jumla mambo huwa hivyo. Hata hivyo, chache tu kati ya tafiti hizo zilikuwa majaribio ya kweli, yaani yale ambayo bahati nasibu huamua nani akutane na nani, na katika nyingine ni vigumu kujua kama mtu alilainika kwa sababu alikutana na wengine, au alikubali kukutana nao kwa kuwa hakuwa na kinyongo tangu mwanzo. Aliyewahi kuandaa mkutano wa namna hii anajua kwamba wenye misimamo mikali ndio wa kwanza kukosekana.

Ndiyo maana jaribio lililofanyika Kaduna, kaskazini mwa Nigeria, linastahili kutazamwa kwa karibu. Mji huo ulikumbwa na mapigano makubwa ya Wakristo na Waislamu mwaka 2000. Watafiti Alexandra Scacco na Shana Warren, waliochapisha matokeo yao mwaka 2018, waliwaalika vijana wa kiume kutoka mitaa yenye historia ya ghasia wajifunze kompyuta kwa wiki 16. Hakuna aliyekuja kuhubiriwa amani; kilichowavuta ni ujuzi. Kwa bahati nasibu, baadhi yao waliwekwa katika madarasa ya dini moja na wengine katika madarasa ya mchanganyiko. Mwisho wa mafunzo, dhana mbaya hazikuwa zimepungua; lakini vijana walipopewa fedha na kuachiwa waamue wamgawie mwingine kiasi gani, waliosoma kwa kuchanganyika waliwabagua watu wa dini nyingine kidogo kuliko waliosoma na wa dini yao tu.

Jambo ambalo wengi hulipita ni chanzo cha tofauti hiyo. Ilitokana zaidi na kuongezeka kwa ubaguzi katika madarasa ya dini moja, yalipolinganishwa na vijana ambao hawakupata mafunzo kabisa. Hapo swali linageuka: mbali na kuuliza kama programu za mchanganyiko zinafaa, inatubidi tuulize zinafanya nini zile zinazowakusanya vijana wa dini moja, wiki baada ya wiki, hata kama somo lenyewe halina uhusiano wowote na dini. Misaada na mafunzo mengi hupitia taasisi za dini kwa sababu ndizo zilizo karibu na watu na zinaaminika, na sioni kama gharama ya utaratibu huo inahesabiwa ipasavyo.

Nchini Iraki, Salma Mousa alitumia soka. Katika ligi ya Wakristo waliokuwa wamefukuzwa makwao na kundi la Dola la Kiislamu, baadhi ya timu ziliongezewa kwa bahati nasibu wachezaji Waislamu. Matokeo yake ya mwaka 2020 yanaonyesha kwamba Wakristo waliocheza katika timu hizo walikuwa tayari zaidi kujiandikisha katika timu ya mchanganyiko msimu uliofuata, na hata miezi sita baadaye walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya mazoezi pamoja na Waislamu. Nje ya uwanja hali ilikuwa nyingine: hawakuwazidi Wakristo wa timu nyingine katika utayari wa kwenda kula katika mgahawa wa Mosul, mji wenye Waislamu wengi. Walimwamini mchezaji mwenzao, na imani hiyo ikaishia kwake.

Mwenye mashaka atasema faida hiyo ni ndogo mno. Sikubaliani naye moja kwa moja. Ashutosh Varshney, alipolinganisha miji ya India iliyozoea ghasia na ile iliyotulia, katika kitabu chake cha mwaka 2002, aliona kwamba kilichozuia ghasia mijini si salamu za majirani bali vyama vya biashara, vya wafanyakazi na vya kitaaluma ambamo Wahindu na Waislamu walikuwa pamoja. Uvumi ulipozuka, walikuwapo watu wenye maslahi ya pamoja, wanaofahamiana, walioweza kuukanusha mapema. (Vyama hivyo, tuseme ukweli, havikuundwa kwa ajili ya maelewano ya dini.) Kwa kazi hiyo, kumwamini mtu mmoja unayemjua kunatosha.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linahusu haki. Utafiti wa Tamar Saguy na wenzake wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mazungumzo yanayokazia mambo ya kufanana huwafanya walio katika kundi dhaifu watarajie kutendewa haki, huku wenye nguvu wakiendelea kugawa rasilimali kwa upendeleo ule ule. Programu inayokataza malalamiko ya ardhi au ajira yasitajwe, kwa kuogopa kuharibu hali ya hewa, inaweza basi kumtuliza aliyeonewa bila kumgusa anayenufaika. Wafadhili wanaopima mafanikio kwa dodoso la hisia, siku ya kufunga semina, hawataligundua hilo. Wangeligundua kama wangerudi mwaka mmoja baadaye na kuangalia nani ameajiriwa na nani, na nani bado anakaa katika kamati moja na nani.