Shaka ya Köln na shaka ya Malindi

Huku Köln, Ujerumani, ninakoishi, anayesema habari za tabianchi ni uongo aghalabu hana haja na anga. Ana haja na mtambo wa gesi unaopasha joto nyumba yake. Mwaka 2023 Ujerumani ilipitisha sheria iliyotaka mitambo mipya ya joto itumie angalau asilimia 65 ya nishati jadidifu. Ghafla wenzangu kazini ambao hawakuwahi kuitaja Greenland wakawa mabingwa wa barafu. Gharama ni kubwa kweli, kwa hilo siwalaumu. Lakini waseme wanaogopa bili, wasiwasingizie wanasayansi wenye vipimajoto.

Na wakubwa wao ndio wanaowapa maneno. Januari mwaka uo huo, polisi waliwatoa watu kwa nguvu katika kijiji cha Lützerath, si mbali na hapa, ili mgodi wa Garzweiler uzidi kuchimbwa makaa ya mawe. Nchi ndiyo hii hii inayotuhubiria nishati safi. Kwetu Kenya, Juni 2019, mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi, Lamu, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya athari ilikuwa na mapengo. Watu wa Lamu waliyazuia makaa. Watu wa Lützerath walishindwa.

Kinachoniudhi ni kwamba video za wabishi wa huku sasa zimeingia kwenye kundi la familia yetu. Binamu yangu kanirushia moja na swali juu yake: kama bahari inapanda, mbona pale Malindi ufuo unazidi kuwa mpana, maji yako mbali kuliko zamani?

Swali la haki, na alichokiona ni kweli. Ila jibu lake liko mtoni. Mto Sabaki hubeba udongo kutoka bara, kwenye mashamba na miteremko iliyokatwa miti, na kuumwaga baharini kaskazini ya mji. Kaskazi ikivuma, tope hilo husukumwa kuja Malindi. Ndiyo maana maji hugeuka rangi ya chai. Mchanga unajilimbikiza ghubani upesi kuliko maji yanavyopanda. Duniani kote bahari ilipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na ukienda Kipini, mdomoni mwa Tana, utaona inavyoila ardhi. Ufuo wa Malindi unatueleza habari za mmomonyoko wa udongo bara, na hiyo nayo si habari njema: tope hilo hilo huyafikia matumbawe ya hifadhi yetu ya baharini, ambayo mengi yalipauka na kufa kwa joto la 1998.

Wavuvi wazee wa kwetu hawahitaji kubishiwa juu ya hayo, waliyaona. Shaka yao iko kwingine: semina za hotelini, posho, mabango ya mradi ambao mwaka wa pili haujulikani ulipo. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti, wakata boriti wa Lamu walikosa riziki kwa jina la kuhifadhi mikoko ambayo wazee wao wameikata na kuiacha ichipue kwa karne nyingi. Shaka hiyo naiunga mkono mia kwa mia.

Sasa wanakuja wanunuzi wa kaboni, wanaolipia miti ifyonze hewa ukaa ili kufidia moshi wao, kutaka mikoko hiyo hiyo. Sheria ya Kenya ya 2023 inasema mradi wa kaboni wa ardhini uwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka. Asilimia 40 ya hesabu iliyopigwa na nani? Mkataba umeandikwa Kiswahili, au ni kurasa za Kiingereza za kutiwa sahihi baada ya biriani? Binamu, ukitaka ubishi, mimi niko nawe hapo. Ile video nimeifuta.