Anajua Kiswahili, mkalimani wa nini?

Jumatano jioni jirani yangu wa ploti alinigongea mlango akiwa na barua ya Kiingereza, kurasa mbili. Alitaka nimsomee. Nilisoma kimya kwanza, halafu nikashindwa nianzie wapi. Ombi lake la ukimbizi limekataliwa kwa sababu maelezo yake yanapingana.

Mama huyu ametoka Fizi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Anatembeza vitenge hapa Kayole, Nairobi, na watoto wake watatu wanacheza na wangu. Ameniruhusu nieleze, ila jina lake na ofisi iliyomhoji ninaviacha.

Barua inasema hivi: mwanzoni alieleza kwamba ndugu yake aliuawa, baadaye akasema kwao wamezaliwa wasichana tu. Pili, alidai kukamatwa na watu wenye silaha, lakini hakuweza kutaja mahali alipozuiliwa wala siku aliyoachiliwa. Basi, haaminiki.

Nikamuuliza kuhusu huyo ndugu. Ni mtoto wa baba yake mkubwa, wamelelewa nyumba moja na kula sahani moja. Kwao huyo ni ndugu, hana jina jingine. Hata kwetu Magharibi mwa Kenya nikimwita mtoto wa baba mkubwa "binamu", mama yangu ataniuliza tumegombana lini.

Halafu nikamuuliza kuhusu kukamatwa. Alitazama sakafu. "Dada, balinikamata ku nguvu."

Kwa Kiswahili cha kwao, kukamata ni kuchukua, ni kushika. Unaambiwa ukamate chakula, ukamate mtoto. Na mwanamke akisema alikamatwa kwa nguvu, hakuna mtu wa Kivu atakayemuuliza alifungwa kituo gani. Alikuwa anaeleza kwamba alibakwa. Mtu wa Nairobi akasikia kukamatwa, akawaza pingu na seli, akamuuliza walimweka wapi. Mama akajibu: shambani. Akaulizwa alikaa siku ngapi. Akasema haikuwa siku. Majibu hayo ya kweli, aliyoyatoa kwa aibu mbele ya mtu asiyemjua, ndiyo yaliyoandikwa kuwa ushahidi kwamba anadanganya.

Mkalimani hakuwepo. Kwenye fomu, palipoandikwa lugha, pamejazwa "Kiswahili". Afisa anajua Kiswahili, mama anajua Kiswahili, mkalimani wa nini?

Hapo ndipo ninapotaka tusikilizane. Msomali wa Eastleigh anatafutiwa mkalimani, Muoromo anatafutiwa, na ni haki yao. Mkongomani anaambiwa aendelee tu kwa sababu tunaelewana. Hatuelewani. Tunacheka "batoto" na "bamama" zao kwenye matatu, tunawaiga, tunasema wanaharibu lugha, kisha siku ya kuamua kama mtu atabaki hapa au atarudishwa kwenye vita, tunajifanya lugha ni moja. Kila tarehe 7 Julai tunasikia hotuba kwamba Kiswahili kimetuunganisha kutoka Mombasa hadi Kongo. Kimetuunganisha, na ninakipenda kwa hilo. Lakini maneno yanayofanana ndiyo hatari zaidi, maana hakuna anayeshtuka. Afisa akisikia Kioromo atajua hajaelewa. Akisikia "kukamata" atajua ameelewa, na ataandika.

Najua maafisa ni wachache. Najua pesa zimekatwa. Mwaka 2025 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilitangaza kufuta nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani, na tangu mji wa Goma, huko Kivu, uchukuliwe na waasi wa M23 Januari mwaka huo, wanaokimbia Kivu wamekuwa wengi zaidi. Sawa. Lakini mwongozo wa UNHCR wenyewe unataka mwombaji apewe mkalimani anayefaa, na Katiba yetu, kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kuamuliwa jambo lake kwa utaratibu wa haki. Kila mtu, si kila Mkenya. Tena huyu wa Fizi hahitaji mtaalamu wa kuletwa kwa ndege. Wapo hapa Kayole, wapo Kawangware, wapo Githurai, watu waliokaa Nairobi miaka mingi na kuzijua Kiswahili zote mbili. Walipwe, waapishwe watunze siri, wakae kwenye kiti. Na kabla mtu hajatia sahihi, asomewe kilichoandikwa, polepole, kwa maneno yake. Mama huyu hakusomewa chochote. Alionyeshwa mahali pa kuweka kidole.



Kuna watu wanaosema wakimbizi wapelekwe tu kambini, Kakuma na Dadaab, mjini wanatafuta nini. Serikali ilitoa amri ya namna hiyo Desemba 2012. Shirika la msaada wa kisheria liitwalo Kituo cha Sheria, pamoja na wakimbizi wenyewe, wakaenda Mahakama Kuu, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaifuta. Mama huyu yuko Kayole kwa sababu watu fulani walikubali kumpigania kabla hata hajafika. Mtu akiwa na barua kama hii asikae nayo nyumbani. Kuna mawakili wa bure, na siku za rufaa zinahesabiwa.

Nilipomaliza kumsomea alikaa muda mrefu akiikunja ile karatasi. Kisha akasema, "Miye nilisema yote. Ile baliandika, haiko yangu."

Jumanne tunaenda naye kwa wakili kuandika rufaa. Nimeomba ruhusa kazini. Na atakayekaa katikati yao kutafsiri ni mama mmoja wa hapa mtaani, mzaliwa wa Uvira, huko huko Kivu Kusini.