Riwaya za mapenzi na mtoto wa kuasili
Mwandishi wa makala niliyoyasoma amezisifu riwaya za mapenzi za siku hizi ambamo mwanamke anaasili mtoto, kisha anapata mchumba anayewapenda wote wawili. Mimi pia huzisoma, hapa Kisumu, ila hunikera zinapomaliza suala la kuasili kwa sahihi moja tu, ilhali Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inadai amri ya Mahakama Kuu. Shangazi yangu, muuza omena sokoni Kibuye, alilea mtoto ambaye hakumzaa. Mchumba alipokuja kujitambulisha, mtoto yule alisogeza kigoda chake katikati yao, akaketi kimya akimega ugali. Wivu wa namna hiyo (nasi tulijizuia kucheka) bado sijaukuta riwayani.