Kisumu hadi Entebbe ni kilomita 255, mbona tupitie Nairobi?

Ukiziuliza zile tovuti za kupima umbali wa ndege, kutoka Kisumu hadi JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, ni kilomita 280 hivi. Gawanya kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, upate dakika 21. Ratiba lakini huandika dakika 45 au zaidi, na si kwamba rubani anazembea. JKIA iko mita 1,600 na ushei juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni mita 1,150 hivi, na katikati imelala safu ya Mau inayopita mita 3,000. Ndege hupanda, na kabla hujamaliza juisi yako inateremka kuelekea tambarare za Kano na Ziwa Victoria. Ule mwendo wa 800 ni wa ndege iliyokwisha kutulia juu, na safari yetu haina nafasi ya kutulia. Alasiri mawingu ya Kericho na Nandi yakifura, huzungushwa kidogo pia.

Hilo halinisumbui. Kwa barabara ni kama kilomita 350 kupitia Nakuru, na basi likikukuta na malori ya Mau Summit, saa saba zinapita ukiangalia dirishani.

Linalonikera ni mstari wa upande wa pili. Kutoka uwanja wa Kisumu hadi ule wa Entebbe, Uganda, moja kwa moja juu ya ziwa, ni kilomita 255 tu. Yaani Entebbe iko karibu nasi kuliko Nairobi! Lakini kila nikitafuta tiketi napelekwa Nairobi kwanza, kisha kilomita 520 nyingine kurudi magharibi. Jumla 800, mara tatu ya umbali wenyewe, bado hujahesabu saa za kukaa JKIA ukinywa chai ya bei ya ajabu.

Nikisema hivi, naambiwa abiria hawapo. Wapo, wamejaa kwenye mabasi yanayovuka mpaka wa Busia: wafanyabiashara, wanafunzi wa vyuo vya Uganda, watu wenye jamaa pande zote mbili. Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho tu, hata pasipoti haihitaji. Wanachokosa ni nauli ya busara.

Na hapo ndipo nawalaumu wenye serikali zetu kuliko mashirika ya ndege. Ada anayotozwa abiria wa kuvuka mpaka ni kubwa mara kadhaa kuliko ya anayeruka ndani ya nchi, na haijali kama unakwenda London au hapo ng'ambo ya ziwa. Wa London haioni, imemezwa na tiketi ndefu. Kwa safari ya kilomita 255, ada za pande mbili zinaweza kuifanya nauli isiguswe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ingekubali kutoza safari fupi kama hizi kwa kiwango cha ndani ya nchi, hesabu ingebadilika.

Wala hatuhitaji ndege kubwa. Caravan, zile ndogo zinazopeleka watalii Maasai Mara, hubeba abiria kama 12 na zingefika Entebbe chini ya saa moja. Njia ya kurukia ya Kisumu ina zaidi ya kilomita 3. Caravan haitaki hata nusu yake.