Mwalimu anasemwa hajui kompyuta, sawa, lakini akishajua afungue nini?

Mjadala wa elimu hapa Kenya ukigusa teknolojia tu, lawama inamwangukia mwalimu. Hajui kompyuta, anaiogopa projekta, tableti amezifungia kabatini mpaka betri zikafa. Na sio uongo wote. Tangu 2016 serikali ilisambaza tableti zaidi ya milioni moja kwenye shule za msingi za umma, kila shule ikaletewa na laptop mbili za walimu na projekta juu yake, na ziko shule ambazo vitu hivyo viliishia stoo. Anayesema mwalimu afundishwe kwanza ana hoja na ninaikubali, hasa kwenye mambo ya ardhi, maana karatasi feki za mashamba zimejaa nchi hii na mtu asiyejua kutofautisha sheria halisi na kitu kilichoforwadiwa WhatsApp anaweza kupotosha darasa zima.

Lakini tumchukue mwalimu mmoja, tuseme yuko Kilifi kule Pwani, anafundisha historia, na anataka wanafunzi wasome sheria za ardhi za mkoloni zenyewe, sio aya mbili za kitabu cha kiada. Huyu tumpe ujuzi wote, ajue kusachi, kudaunilodi, kurusha ukutani. Afungue nini?

Kila mtoto wa Pwani anamjua Mekatilili wa Menza, yule mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kumpinga Mwingereza, na vita vyao vya 1913 na 1914. Ile sheria ya kusajili ardhi Pwani iliyotoka 1908, miaka michache tu kabla, wengi hawajawahi kuisikia, na kwangu mimi hiyo ndiyo imeacha kidonda kirefu zaidi. Ilisema mwenye kudai ardhi ukanda huu wa Pwani apeleke dai lake kwa msajili, na ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa ni ya Mfalme wa Uingereza. Fikiria hilo pole pole. Waarabu, Waswahili na Wahindi wa mjini waliomiliki mtu mmoja mmoja na wenye karatasi waliweza kwenda kudai, tena si wote. Mmijikenda, yaani mtu wa yale makabila tisa ya Pwani wakiwemo Wagiriama, ambaye shamba lake ni la ukoo, hana karatasi, na sheria yenyewe imeandikwa Kiingereza, nani angeenda kusimama mbele ya msajili kwa niaba ya ukoo mzima, na msajili angeandika jina la nani? Hawakufukuzwa siku ile. Waliendelea kulima, mikorosho na minazi ikakua, watoto wakazaliwa, na huku kwenye vitabu vya serikali tayari walikuwa wageni. Leo wajukuu wao wanaitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na hati, na hao wajukuu ndio wamekaa kwenye madawati ya mwalimu huyu.

Sasa mwalimu anaingia mtandaoni. Gazeti rasmi la serikali lilianza 1899 na matoleo mengi ya zamani yameshapigwa skani, kwa hiyo watu husema yote yapo, ni uvivu tu wa walimu. Yapo, ndiyo, ila mengi ni picha za kurasa zilizofifia, kompyuta inasoma nusu ya maneno na nusu inayaharibu. Halafu kuna jambo ambalo hakuna kozi ya kompyuta itakufundisha. Mwalimu akiandika "Mijikenda" kwenye karatasi za 1908 hatapata kitu, kwa sababu jina hilo lilikuja kushika miaka ya 1940, Waingereza wa wakati ule waliandika Nyika, na Giriama wakati mwingine wanaandika Giryama. Mwalimu hodari wa mashine atarudi mikono mitupu na atadhani hakuna chochote, kumbe watu wake wako pale pale kwa jina lingine. Huo ni ujuzi wa historia, na ndio tunaousahau tukianza kuhesabu ni walimu wangapi wamepata cheti cha kompyuta.

Tena kuna masomo ambayo hayahitaji hata umeme. Sheria ya ardhi ya 1915 iliruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 999, wakati ile ya 1902 ilikuwa miaka 99. Mwalimu aandike ubaoni kwa chaki 1915 jumlisha 999, watoto wapate 2914, halafu awaambie Katiba ya 2010 ndiyo iliyokuja kusema asiye raia hapiti miaka 99. Darasa litawaka. Alichohitaji pale ni ukurasa mmoja wa sheria unaosomeka.

Kwa hiyo wanaodai mafunzo siwapingi, naona tu wameanzia mwisho. Nyaraka ziko Nairobi kwenye jumba la kumbukumbu pale Moi Avenue, nyingine ziko Uingereza, zikiwemo zile faili Waingereza walizoondoka nazo wakati wa uhuru na kukiri 2011 kwamba wanazo. Tunahitaji watu wa kumbukumbu wakae na watu wa mitaala, wachague hata kurasa 20 tu za sheria hizi, wazichape upya, waziweke kwa Kiswahili pembeni, na waandike majina ya zamani ya makabila na sehemu ili mtu ajue atafute nini. Ziwe nyepesi, zifunguke kwenye simu yenye bando la shilingi ishirini. Hiyo si kazi ya mwalimu mwenye vipindi vinavyofuatana kutwa nzima na vitabu vya kusahihisha jioni.

Bila hivyo tutampeleka semina wiki nzima ajifunze kuwasha projekta, Ijumaa arudi na cheti, na Jumatatu atasimama mbele ya watoto ambao wiki ile ile nyumbani kwao wameletewa notisi ya kuhama, ukutani nyuma yake kuna picha ya kijivu ya ukurasa wa 1908 ambayo hata yeye haoni imeandikwa nini.